Wa Njano Kasogea

Katika mji wetu wa Mirosz, mtu anaweza kulikosea jina la mkewe mbele ya padri na bado akasamehewa. Kukosea matokeo ya mkondo ni jambo lingine kabisa.

Bwana Eugeniusz Wawrzyk, ambaye hata watu wa kodi walimwita Gienek, alikuwa fundi rangi wa nyumba. Hiyo ilikuwa kazi ya kumlisha. Kazi aliyozaliwa nayo ilikuwa nyingine, na aliifanya uwanjani siku za mashindano, kwenye kona ya pili, safu ya sita, akiwa na kalamu ya wino na kijitabu cha mashindano kilichobanwa juu ya kibao.

Mbio zetu ni rahisi kueleza na ngumu kuacha. Pikipiki nne zisizo na breki huzunguka uwanja mara nne, zikipinda kushoto tu, kama watu wanne waliokumbuka kwa pamoja kwamba wameacha jiko likiwaka nyumbani. Wa kwanza hupata pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa nne hupata matope. Huo ndio mkondo, na kwa siku moja huwa ipo mingi. Watazamaji hawaji kutazama tu. Kila mmoja ana kijitabu chake, na kila mkondo ukiisha huandika namba katika visanduku: nani alipata ngapi, nani injini ilimfia, nani alitolewa na mwamuzi kwa kugusa utepe wa kuanzia kabla haujaruka. Mtu anayerudi nyumbani na kijitabu kitupu huulizwa alikuwa wapi, na jibu lake haliaminiki.

Sasa, wahandisi waliojenga ubao wa matokeo waliuweka mahali ambapo uwanja mzima unauona, isipokuwa sisi wa kona ya pili, kwa sababu kati yetu na ubao upo mnara wa taa. Kipaza sauti cha upande wetu nacho kimekuwa kikikohoa tangu enzi za Chama cha Kikomunisti, na hakuna serikali iliyothubutu kukitibu. Simu za mkononi wakati ule walikuwa nazo watu wawili mjini, na wote walikaa upande wa matajiri. Kwa hiyo tulikuwa na Gienek.

Alisimama mkondo ukianza. Hakushangilia, kwani kushangilia hutingisha kichwa. Wa mwisho alipovuka mstari, aliketi, akafungua kalamu, kisha akatamka kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu: "Mwekundu, mweupe, wa bluu, wa njano." Hizo ndizo rangi za helmeti, kwa mpangilio wa kumaliza. Safu tano mbele yake na nne nyuma yake ziliinamisha vichwa na kuandika. Kalamu ya risasi hakuigusa. Aliamini kwamba ni ya watu ambao bado hawajaamua mambo yao maishani. Mwaka mmoja mwamuzi alitoa matokeo tofauti na ya Gienek, na kona ya pili ikakubaliana kwamba mwamuzi naye ana haki ya kuwa na maoni.

Mkewe, Bi Regina, alikaa kando yake na mto wa kukalia, sufu za kufumia, na mfuko wa mbegu za alizeti. Kwa miaka mingi alikuja uwanjani akiwa na msimamo mmoja, kwamba hawa ni wanaume wanne wanaopiga kelele na wangeweza kuzipigia nyumbani.

Halafu mtoto wa jicho akaingia kwenye macho ya Gienek, taratibu, bila kubisha hodi.

Wa kwanza kuona dalili zake alikuwa Bi Urszula, mkuu wa posta. Gienek alipewa kazi ya kupaka ukuta wa ndani rangi nyeupe. Alianzia mlangoni na nyeupe, akamalizia kwenye dirisha la vifurushi na rangi ya siagi, kwa kuwa ndoo mbili zilisimama pamoja na kwake zilikuwa mapacha. Mahali zilipokutana palikuwa juu kidogo ya saa ya ukutani. Bi Urszula aliutazama ukuta kwa muda mrefu.

"Ni ya kisasa," akasema hatimaye.

"Ndiyo," akajibu Gienek, ambaye hakujua kinachozungumzwa.

Uwanjani hakuna aliyegundua, na ipo sababu. Katika mechi za ligi, vijana wetu wa nyumbani huvaa nyekundu na bluu. Nyeupe na njano ni za wageni, na mgeni yupi alimtangulia mgeni yupi ni swali ambalo halijawahi kumkosesha usingizi mtu yeyote wa Mirosz. Gienek aliweza kuwabadilisha msimu mzima na jumla bado ikalingana.

Regina pekee ndiye aliyejua. Hakusema neno. Ila majira hayo ya kuchipua alianza kuongea na sufu zake. "Wa njano kasogea," alinung'unika akihesabu vishono. "Mweupe huyo kapitwa, maskini wa Mungu." Gienek alifurahi mno. Aliwaambia watu kwa Klemens, muuza nyama, kwamba subira imelipa: baada ya miaka yote hii, mkewe hatimaye ameupenda mchezo.

Regina alimpeleka kwa daktari pia, kwa kumdanganya kwamba wanaenda kununua viatu. Daktari alimwambia wazi: jicho la kulia limeshafunikwa, la kushoto liko njiani, na akichelewa zaidi asije akalaumu mtu. Foleni ya upasuaji katika hospitali ya mkoa ilikuwa ndefu kuliko utawala wa mawaziri wengi. Regina alipiga simu, akaomba, akapeleka mitungi ya matango ya kuchachusha, mpaka tarehe ikapatikana. Alhamisi moja ya mwezi wa tisa. Baadaye mgonjwa atalala chali siku kadhaa, bila kuinama, bila kupiga kelele, bila kusisimka.

Wiki mbili baadaye ikatangazwa kwamba Mirosz, kwa mara ya kwanza tangu kuumbwa kwake, itakuwa mwenyeji wa mashindano ya kimataifa. Waswidi, Wadenmarki, Waingereza, Mcheki mmoja, na kijana wetu Kamil Orzech, aliyejifunzia pikipiki nyuma ya ghala la viazi vya sukari. Jumamosi. Jumamosi ya wiki ile ile.

Gienek alifikiri siku mbili. Siku ya tatu aliingia jikoni akiwa na uso wa msiba.

"Hospitali wameahirisha," akasema.

"Kwa nini?" Regina alikuwa akikunja maandazi ya viazi.

"Mashine imeharibika."

"Mashine gani?"

"Ya macho."

"Imeharibika nini?"

"Haioni vizuri," akasema Gienek, akatoka haraka kwenda kuwaangalia kuku.

Siku ya mashindano jua lilikuwa zuri na mji ulinuka mafuta ya pikipiki na vitunguu vya kukaanga. Kona ya pili ilijaa tangu mchana. Pembeni ya Gienek waliketi mume na mke kutoka Uswidi, watu wapole waliopotea njia ya sehemu ya wageni na wakaona haya kuhama. Hawakujua lugha yetu hata neno moja, lakini waliielewa kazi ya Gienek kabla ya mkondo wa pili. Walikuwa na kijitabu chao, na kila alipoandika, walichungulia na kunakili. Gienek alikigeuza kidogo kibao chake ili waone vizuri. Alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipohisi kazi yake imekuwa ya kimataifa.

Tatizo la mashindano ya mtu mmoja mmoja ni kwamba hayana nyumbani wala ugenini. Rangi hupangwa kwa kila mkondo, na kijana wako anaweza kuvaa yoyote. Lakini Regina alikuwapo, na sufu zilikuwapo.

"Loo, wa njano kateleza huyo," alisema mkondo wa tatu, akivuta uzi.

"Mwekundu, wa bluu, mweupe, wa njano!" akatangaza Gienek.

"Mweupe kaingia kwa ndani, hana adabu."

"Mweupe, mwekundu, wa njano, wa bluu!"

Mambo yalikwenda hivyo, vizuri, mpaka mapumziko ya mwisho, trekta lilipokuwa likilainisha njia na Regina akaenda kununua soseji. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, kwa hiyo hili sikusimuliwa na mtu. Mbele yetu alisimama Walentyna, muuguzi wa wodi ya macho, haradali ikimchuruzika kwenye kidole.

"Regina! Mzee hajambo? Alhamisi tulimsubiri."

"Mlimsubiri? Si mashine imeharibika?"

"Mashine gani tena? Alipiga simu mwenyewe siku ile ile. Akasema hawezi kuja, ana harusi."

"Harusi ya nani?"

"Sikumuuliza. Alisema tu ni ya kimataifa."

Muuzaji akamuuliza Regina soseji ngapi. Alikuwa amekuja na nia ya mbili. "Moja," akasema.

Alirudi, akaketi juu ya mto wake, akaanza kula bila haraka.

"Yangu iko wapi?" akauliza Gienek.

"Harusini."

Klemens, aliyekaa safu ya mbele, aligeuka kuuliza ni nani anayeoa, akauona uso wa Regina, na ghafla akakumbuka kwamba kiatu chake kinahitaji kufungwa.

Ilibaki mikondo mitatu. Mkondo wa kumi na nane ulimwonea huruma: wawili walianguka, mmoja akatolewa, na aliyebaki angeweza kutambuliwa na mtu aliyelala. Mkondo wa kumi na tisa ulikuwa mgumu zaidi. Gienek alisimama, akainamisha kichwa upande wa mkewe.

"Mke wangu," akanong'ona, "huyo wa njano naye anaendeleaje leo?"

"Mimi ninafuma."

"Naona unafuma. Nauliza tu, kama mpenzi wa mchezo."

"Nani kakwambia mimi napenda mchezo?"

Alitangaza kwa kubahatisha, na bahati ikamsaidia. Lakini hesabu za kona nzima zilikuwa zinaelekea mahali pamoja, pabaya. Mwingereza Bradwell alikuwa amemaliza na pointi kumi na tatu. Mdenmarki Toftlund alikuwa na kumi na mbili na mkondo mmoja mkononi. Hatua mbili za juu za jukwaa zilikuwa na wenyewe. Ilibaki ya tatu, na waliokuwa wakiitafuta ni wawili tu, Kamil Orzech wetu na Mswidi Bergmark, kila mmoja na pointi nane. Mkondo wa ishirini, wa mwisho, uliwakutanisha. Atakayemtangulia mwenzake ndiye atakayepanda.

Toftlund alivaa nyekundu. Mcheki Hruška alivaa bluu. Bergmark alivaa njano. Orzech alivaa nyeupe.

Gienek aliposoma hayo kijitabuni alikaa kimya kwa namna ambayo sisi tuliidhani ni ya kizalendo.

"Regina," akasema.

"Nahesabu vishono."

"Regina, ni Orzech."

"Mwambie apige simu aseme ana harusi."

Utepe ukaruka. Mwekundu akaondoka peke yake kama mtu anayedaiwa. Injini ya wa bluu ilikufa mzunguko wa pili, akasukuma pikipiki yake pembeni akiipiga mateke. Nyuma walibaki wawili, gurudumu kwa gurudumu, mizunguko miwili mizima, wakiturushia changarawe usoni kila walipopita kwenye kona yetu. Hata wenye macho mazima waliyafumba. Walitoka kona ya mwisho wakiwa wamegusana mabega, wakavuka mstari, na kona ya pili, watu wazima wenye familia na madeni, ikageuka kumtazama fundi rangi mmoja.

Gienek alisimama kitambo. Kisha akaketi, akafungua kalamu.

"Mwekundu," akasema. "Mweupe. Wa njano. Wa bluu hakumaliza."

Sijui nikueleze vipi kilichofuata. Klemens alimbusu Bi Urszula wa posta, jambo ambalo amekuwa akilieleza mpaka leo. Mtu akatupa kofia, na kwa kuwa haikuwa yake, akatupa nyingine. Tuliimba. Mume na mke wa Uswidi waliandika namba zao kwa huzuni, wakasimama, wakatushika mikono mmoja mmoja, safu nzima, kwa heshima kubwa, na yule mama akafuta chozi.

Ni Klemens aliyegundua kwanza kwamba sehemu nyingine zote za uwanja zimenyamaza na zinatutazama.

"Mbona hawashangilii?" akauliza.

"Wivu," akasema mtu wa safu ya nane.

Kisha wakapanda jukwaani. Toftlund. Bradwell. Na kwenye hatua ya tatu, akiwa ameivua helmeti yake ya njano na kuikumbatia tumboni kama mkate, Bergmark wa Uswidi.

Mume na mke wale walitazama jukwaa, wakatazama kijitabu chao, wakamtazama Gienek. Ilibidi wafurahi ghafla, baada ya kuwa wameshahuzunika vizuri, na niliona jinsi kazi hiyo ilivyowapa shida.

Hakuna aliyemzomea. Angezomewa angejua la kufanya. Watu walikuwa na adabu, na adabu ya kona ya pili ni kitu cha kutisha.

"Hata mimi niliona mweupe," akasema Klemens.

"Wewe ulikuwa umefumba macho," akasema Bi Urszula, akijifuta shavu.

"Ndiyo, lakini kabla ya kufumba."

Mtu wa safu ya nne akauliza, kwa sauti ya chini, kama kuna mwenye kifutio. Gienek alikiangalia kijitabu chake. Wino ulikuwa umeshakauka.

Alitumaini kwamba yataisha. Mechi ya mwisho ya ligi, majani yakianza kuanguka, alikuja na kibao chake na koti lililopigwa pasi. Mkondo wa kwanza uliisha, akaketi, akafungua kalamu, akavuta pumzi. Kabla hajatamka, Klemens aligeuka, akamwinamia Regina.

"Bi Regina, samahani, sitaki kukusumbua. Wa pili alikuwa nani?"

Regina alimtazama mumewe. Gienek alikuwa anatazama mnara wa taa.

"Wa bluu," akasema Regina, na safu kumi zikaandika.

Ilikuwa hivyo mechi nzima. Gienek aliandika naye, alichosikia, kama mtu mwingine yeyote. Walirudi nyumbani kwa miguu, na mbele ya posta ndipo aliposema, "Wapigie simu hospitali."

"Hakuna harusi?"

"Hakuna."

"Una hakika? Isije ikawa ya kimataifa."

"Regina, wapigie."

Safari hii Walentyna ndiye aliyesaidia. Mgonjwa mmoja aliogopa akakimbia, nafasi ikapatikana baridi ilipoanza. Daktari alisema jicho la kulia lingekuwa na hali bora kama angelileta Alhamisi ile. Sasa litaona, lakini pembeni litabaki na ukungu maisha yake yote. La kushoto lilikuwa salama. Bandeji ilipotolewa, Gienek alikaa kitandani, akamtazama mkewe kwa makini.

"Sweta lako ni jeupe," akasema.

"Ni jeupe tangu Pasaka."

"Nilidhani ni la njano. Nikawa nashangaa, mbona umechagua rangi mbaya hivyo."

"Na hukusema?"

"Niliogopa kukukera."

Siku ya kwanza kutoka nyumbani alikwenda posta kununua stempu. Alisimama katikati ya ukumbi, akatazama ukuta, hasa pale juu ya saa.

"Nani kafanya haya?" akauliza.

"Wewe," akasema Bi Urszula.

Aliomba kuja kuupaka upya, bure, hata usiku. Bi Urszula alikataa. Alisema mkaguzi kutoka wilayani ameusifu, na kwamba posta ya mji jirani sasa wanataka wa kwao uwe hivyo.

Pasaka ikafika, na pamoja nayo mashindano ya kombe la mji, ya mtu mmoja mmoja, ambayo hufungua msimu. Kona ya pili ilikuwa imerudi yote. Watu walimsalimia Gienek kwa uchangamfu mwingi mno, kama unavyomsalimia mtu aliyetoka kifungoni, na kila mmoja alichagua kiti ambacho Regina angesikika.

Mkondo wa nne ulikuwa na Orzech, helmeti nyeupe. Aliyemsumbua alikuwa mgeni wa mji wa jirani, mji ambao hatuutaji jina tukiwa mezani, na alivaa njano. Toka utepe uliporuka walikwenda pamoja, na kona ya mwisho walitoka pamoja, na mstari waliuvuka pamoja. Kalamu zote zilisimama hewani.

Gienek aliketi. Mtu aliyetaka tu kurudishiwa heshima yake angejua la kusema, kwani kona nzima ilikuwa inamsubiri mweupe kwa midomo wazi.

"Wa njano," akasema. "Kwa upana wa tairi."

Watu waliguna. Klemens, bila kuona haya, akamgeukia Regina. Safu ya nne ikamgeukia Regina. Bi Urszula, ambaye siku hizi huketi mbali na Klemens, akanyoosha shingo.

Regina alipasua mbegu ya alizeti, akatema ganda, akamaliza mstari wake wa vishono.

"Mmeshaambiwa ni wa njano," akasema. "Mnataka niimbe?"

Wakaandika. Kipaza sauti kilikohoa kitu ambacho kingeweza kuwa matokeo. Gienek aliandika lake kwa wino, akapuliza likauke, kisha akanyoosha kiganja bila kugeuka. Regina akammiminia nusu ya mbegu zake.

Mkondo uliofuata ukaanza, na Gienek akasimama.

"Wa bluu kasogea," akanung'unika Regina.

"Namwona," akasema Gienek.

"Najua unamwona. Sikuwa naongea na wewe." Alikuwa ameacha kufuma, amesimama juu ya mto wake, shingo ndefu. "Lo, mpite basi, mjinga wewe, mpite kwa nje!"